Kati ya Nia na Kidole

Mwaka 1971 Nolan Bushnell na Ted Dabney waliingiza sokoni nchini Marekani, kupitia kampuni ya Nutting Associates, mashine ya mchezo wa video inayotumia sarafu. Iliitwa Computer Space, na ndiyo ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kibiashara. Mchezaji aliongoza roketi kwa vitufe vinne: cha kuigeuza kushoto, cha kuigeuza kulia, cha kuisukuma na cha kufyatua risasi. Roketi ikishasukumwa iliendelea kuelea, kama fizikia ya anga inavyotaka, kwa hiyo aliyetaka kuipunguza kasi ilibidi aigeuze kwanza, kisha aisukume upande wa pili. Wanafunzi wa chuo kikuu waliimudu. Wateja wa baa, ambao ndio waliotarajiwa kuzijaza mashine hizo sarafu, wengi iliwashinda, na Bushnell mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilikuwa ngumu mno kwao. Mwaka uliofuata Allan Alcorn, mhandisi wa Atari, kampuni mpya ya Bushnell na Dabney, akatengeneza Pong: kila mchezaji ana kitufe kimoja cha kuzungusha, anapandisha na kushusha mstari unaozuia mpira, basi. Mashine ya majaribio ilipowekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, California, haikuchukua muda ikagoma kufanya kazi. Walipoifungua wakakuta sarafu zimefurika.

Funzo ambalo watu wengi hulichota hapo ni kwamba vitufe vichache ni bora kuliko vingi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Pedi ya PlayStation ina vitufe zaidi ya kumi na stiki mbili, na gemu ya mpira wa miguu huvitumia karibu vyote. Hata hivyo, katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam au Mombasa, watoto wa shule ya msingi wanapiga krosi, wanapiga chenga na kufunga mabao bila kuutazama mkono hata mara moja. Kasoro ya Computer Space haikuwa hesabu ya vitufe. Ilikuwa kwamba mtu aliyejua barabara anataka roketi iende wapi alimaliza akili yake yote akitafuta namna ya kuiagiza. Adui alikuwepo kwenye skrini, lakini pambano halisi lilikuwa kati ya mchezaji na mashine aliyoishika, na pambano hilo hakuna aliyetoa sarafu yake ili alicheze.

Ugumu ni kitu kimoja na kero ni kitu kingine, na mbunifu asiyevitenganisha ataondoa kimoja akidhani ameondoa kingine. Bao la Kiswahili linatuonyesha mpaka kati ya viwili hivyo. Lina mashimo 32 na kete 64, na kazi ya mkono ni nyepesi: chota kete, zisambaze moja moja, simama ya mwisho ikiangukia shimo tupu. Ugumu wote uko kichwani, katika kuhesabu mtaji wa kula kete utafika wapi na kuamua shimo la nyumba libaki au lichezwe. Mtu aliyefungwa hulaumu hesabu yake, halaumu mashimo. Mchezo wa video hauna budi kupigania hali hiyo hiyo kwa njia ndefu zaidi, maana kati ya kichwa cha mchezaji na kete zake pamewekwa waya, umeme, programu na kioo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kipimo cha vidhibiti vizuri ni utiifu wake kwa nia ya mchezaji. Kidole ni mjumbe tu, na mjumbe huchelewa, huteleza na hukosea njia. Mchezo unaousoma ujumbe kwa herufi zake tu, bila kujali aliyeutuma alikusudia nini, utamkasirisha hata mchezaji hodari.

Tuifuate safari ya ujumbe huo. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila fremu hukaa kwa takriban milisekunde 17. Binadamu anayeona kitu cha ghafla huhitaji karibu robo sekunde kabla kidole hakijajibu, na katika muda huo fremu kama 15 zimeshapita. Kidole kikibonyeza, pedi hutuma ishara, mashine huikokotoa, kisha televisheni huonyesha matokeo. Televisheni za chogo zilionyesha picha karibu papo hapo. Televisheni bapa nyingi huipamba picha kwanza, zikinoa kingo na kulainisha mwendo, na mapambo hayo hula muda. Ndiyo maana watengenezaji wake wameweka mpangilio maalumu wa gemu unaoyazima. Katika kibanda ambamo mpangilio huo haujawahi kuguswa, na kitufe cha pedi kimelegea kwa kubonyezwa na mamia ya vidole, mchezaji anaishi nyuma ya mchezo kwa kipande cha sekunde. Hata anayekadiria mapema anakadiria kwa kutumia picha iliyokwisha kupitwa na wakati. Kwa hiyo anaposema kwa hasira, «Nimebonyeza bwana!», mara nyingi anasema kweli. Katika mchezo wa kuruka mashimo, kwa mfano, alibonyeza alipouona ukingo. Mashine ilikuwa imeshamhesabu yuko hewani.

Historia ya kuruka katika michezo ya Nintendo inaonyesha jinsi wabunifu walivyolitambua jambo hili kidogo kidogo. Katika Donkey Kong ya mwaka 1981, iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto, mhusika akisharuka ameruka: urefu wa mruko ni mmoja, na akiwa hewani hawezi kugeuzwa. Miaka minne baadaye, katika Super Mario Bros., Miyamoto na wenzake waliyabadili yote mawili. Kitufe kikiguswa kidogo Mario anaruka kidogo, kikishikiliwa anapanda zaidi, na akiwa juu bado anaweza kuvutwa nyuma au kusogezwa mbele. Kwa fizikia huu ni upuuzi, kwa sababu hakuna mtu anayebadili njia akiwa hewani bila kitu cha kukanyaga. Lakini mchezaji anayegundua katikati ya mruko kwamba ataangukia adui amebadili mawazo, na mhusika anabadilika pamoja naye. Ukweli wa mwili ulipunguzwa ili ukweli wa akili uongezeke. Walipohamia katika picha za pande tatu kwa ajili ya Super Mario 64 ya mwaka 1996, walianza na kitu hicho hicho: walimfanya Mario akimbie na kumkimbiza sungura mahali pasipo na mapambo, mpaka mwendo wenyewe ukawa na raha, ndipo dunia ikajengwa kumzunguka.

Kazi iliyoifikisha fikra hii mbali zaidi ni Celeste ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na Maddy Thorson, Noel Berry na wenzao. Ni mchezo mgumu kwelikweli. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima, na mchezaji wa kawaida hufa mamia ya mara kabla ya kufika kileleni. Waundaji wake waliichapisha hadharani programu inayoendesha mwendo wa Madeline, na ndani yake huruma imeandikwa kwa tarakimu. Akishatoka ukingoni, kwa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu sita, bado anaruhusiwa kuruka ingawa miguu haigusi kitu. Wabunifu wa michezo huuita muda huo kwa jina la koyote wa katuni za Marekani, anayepita ukingo wa genge mbio na asianguke hadi atazame chini. Mchezaji akibonyeza kuruka mapema kidogo kabla ya kutua, amri haitupwi. Inangojwa, na Madeline anaruka mara tu anapogusa ardhi. Kichwa chake kikigonga pembe ya jiwe kwa tofauti ya nukta chache za skrini, anasogezwa pembeni apite. Kitufe kikiwa bado kimeshikiliwa, mvuto wa dunia hupunguzwa kwa nusu pale juu kabisa pa mruko, ili mchezaji apate nafasi ya kuchagua atakapotua. Haya yote hutendeka kimyakimya. Anachoona mchezaji ni kwamba aliruka alipotaka kuruka.

Hapo pingamizi la kwanza hujitokeza, nalo lina uzito. Huu si uongo? Mtu alichelewa, mashine ikasema hakuchelewa. Alikosea, ikamfichia kosa lake. Mchezo unaosamehe kila kitu unawezaje kumfundisha mtu chochote, na ushindi wake una thamani gani? Jibu langu ni kuuliza mchezo ulikuwa unapima nini tangu mwanzo. Celeste inapima kusoma njia, kupanga mfululizo wa mienendo na kutulia chini ya shinikizo. Haikuahidi kupima kama kidole kimegusa kitufe katika fremu ya nne badala ya ya tano, tofauti ambayo jicho haliwezi kuithibitisha na ambayo televisheni yenyewe inaweza kuipindua. Kumwangusha mtu kwa tofauti hiyo ni kumchezesha bahati nasibu iliyovaa sura ya mtihani. Tena msamaha ukiwa sawa kwa wote na usiobadilika, unageuka kuwa sehemu ya kanuni: mafundi wa Celeste wanazijua fremu hizo sita na wanazitumia kwa makusudi kufika mbali zaidi. Hata michezo ya kupigana kama Street Fighter, ambamo fremu moja inaweza kuamua pambano, hukubali mzunguko wa stiki usiokuwa nadhifu kabisa na kuusoma kama pigo lililokusudiwa. Na Halo ya mwaka 2001, iliyosaidia kuwashawishi watu kwamba michezo ya kufyatua risasi yaweza kuchezwa kwa pedi, hupunguza mwendo wa shabaha inapopita juu ya adui. Mchezaji bado lazima amwone adui, aamue na awahi. Kinachosaidiwa ni dole gumba lililopewa kazi iliyozoewa na kipanya cha kompyuta.

Hata hivyo, kusoma nia kuna hatari yake, na wapenzi wa gemu za mpira wanaijua kuliko wote. Mpira umepigwa juu, unaanguka kati ya mabeki wako wawili. Umeshamchagua wa kushoto, umeshasukuma stiki umkimbize. Sekunde hiyo hiyo mashine inaona wa kulia yuko karibu zaidi, inakuhamishia kwake bila kukuuliza, na amri uliyokuwa umempa wa kwanza inampeleka wa pili upande usiofaa. Mshambuliaji anapita katikati, bao. Hapa mashine ilijaribu kukisia unachotaka, ikakisia vibaya, na hasira unayoipata ni kali kuliko ile inayoletwa na mashine isiyokisia kabisa, kwa sababu umeporwa uamuzi uliokuwa umeshaufanya. Si ajabu gemu hizo zikaweka mpangilio wa kuzima uhamishaji huo au kuuacha ufanye kazi kwenye mipira ya juu na iliyopotea peke yake. Kosa la jamii hiyo hiyo lipo katika michezo mingi ya bunduki, ambamo kitufe kimoja hujaza risasi na pia huokota silaha iliyo chini: mtu aliyezingirwa anataka kujaza, anajikuta ameitupa bunduki yake nzuri na kushika bastola ya maiti. Kanuni inayotokana na mifano hii ni ya kiasi. Mashine na ijaze pengo pale kidole kilipochelewa, kilipowahi au kilipokosa kwa nukta. Pale kidole kiliposema wazi, itii. Msaada unaopinga amri iliyo wazi ni unyang'anyi.

Simu za mkononi zimelifanya suala hili kuwa zito zaidi, na katika nchi zetu ndizo mashine za gemu za watu wengi. Kioo hakina ukingo wa kitufe ambao kidole kinaweza kuupapasa. Dole gumba linaloamuru ndilo linaloziba sehemu ya picha, na kwa kuwa halihisi lilipo, husogea polepole likatoka nje ya kitufe kilichochorwa huku mwenyewe akiamini bado amekishika. Mbunifu anayenakili pedi na kuibandika kwenye kioo amehamisha umbo la kidhibiti na kuiacha nyuma faida yake. Wengine wametafuta namna bora zaidi. Stiki ya kuchorwa isiyokuwa na makao, inayoota popote dole gumba linapotua, imeliona tatizo na kulijibu: mchezaji hakukusudia kugusa mahali fulani, alikusudia kwenda kushoto. Angry Birds, iliyotolewa na kampuni ya Rovio ya Ufini mwaka 2009, ilikwenda hatua nyingine na kuachana na vitufe katika pigo lenyewe. Unaivuta manati kwa kidole, unaona imefika wapi, na ukibadili mawazo kabla ya kuachia unairudisha ilikotoka, pigo linafutika. Nafasi hiyo ya kujirudi ni ndogo, lakini inamtofautisha mtu aliyelenga vibaya na mtu aliyeguswa kiwiko ndani ya daladala.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanaoutazama mchezo kama sanaa. Wanauliza kama usumbufu hauwezi kuwa ndio ujumbe. Katika QWOP ya Bennett Foddy, ya mwaka 2008, unamkimbiza mwanariadha kwa kuendesha mapaja na mashavu ya miguu yake kwa vitufe tofauti, na wengi humwangusha kabla ya mita kumi. Resident Evil ya mwaka 1996 humlazimisha mchezaji amgeuze mhusika mahali alipo kwanza, ndipo amtembeze, na uzito huo uliongeza hofu mlangoni palipokuwa na zombi. Dark Souls ya mwaka 2011 hukataa kulighairi pigo la upanga likishaanza. Nakubali yote, na naona yanaithibitisha hoja. QWOP imefanya kutembea kuwe ndio mchezo, na imesema hivyo kwenye jina lake lililoundwa na vitufe vyenyewe. Ugumu uko pale ulipoahidiwa. Dark Souls haikudanganyi: upanga mzito huchukua muda ule ule leo na kesho, na anayekufa akiwa ameuinua anajua aliuinua kwa tamaa. Resident Evil ndiyo kesi ngumu. Sehemu ya ukaidi wake ilitokana na kamera zilizowekwa pembeni na kubadilika kadiri mhusika anavyosogea, ambapo kushoto kwa mchezaji kungeweza kugeuka kulia ghafla. Kumwongoza mhusika kwa mwelekeo wake mwenyewe kulizuia mkanganyiko huo. Lakini ilipotolewa upya mwaka 2015 kwa mashine mpya zaidi, watengenezaji wake, Capcom, waliongeza vidhibiti vya kawaida kando ya vile vya zamani, na mchezo bado unatisha. Hofu haikuwa imejificha kwenye stiki.

Pingamizi la tatu ndilo la kawaida kuliko yote: mchezaji atazoea tu. Kweli, binadamu huzoea. Aliyekulia kwenye gemu ya mpira ya PES hupiga shuti kwa kitufe cha mraba, na aliyekulia kwenye gemu ya FIFA hupiga kwa duara. Waweke wabadilishane, na kila mmoja ataona mwenzake amepangiwa vitufe na mwendawazimu. Kwa miaka mingi wachezaji wa PlayStation nchini Japani walithibitisha chaguo kwa duara huku wa Marekani na Ulaya wakitumia msalaba, mpaka Sony ilipoweka msalaba kwa wote kwenye PlayStation 5 mwaka 2020. Mifano hii inaonyesha kwamba mazoea ni mali ya mchezaji, aliyoichuma kwa saa nyingi, na mbunifu anayeipuuza bila sababu anamtoza kodi mtu aliyekuja kujifurahisha. Ndiyo maana FIFA ilijiwekea mpangilio wa pili unaomfaa mtu wa mraba. Tena kuna wasioweza kuzoea hata wakitaka: mwenye mkono mmoja, mwenye vidole vinavyotetemeka, mwenye misuli inayochoka haraka. Kwao kuruhusu vitufe vipangwe upya, au kubonyeza mara moja badala ya kushikilia, ndiko kunakoamua kama wataingia mchezoni. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa pedi yenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomeka swichi za kila aina. Mwaka huo huo Celeste iliruhusu mwendo wa mchezo upunguzwe. Na mwaka 2020 The Last of Us Part II ilitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya aina hii. Hakuna mchezaji hodari aliyepungukiwa na kitu.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Orodha ndefu ya mipangilio haimfutii mbunifu wajibu wa kuchagua vizuri tangu mwanzo, kwa sababu watu wengi hawaifungui kamwe, na anayecheza kwa kulipia dakika kibandani hana muda wa kuipekua. Kilicho chaguo la kwanza ndicho mchezo wenyewe kwa wachezaji walio wengi. Kwa hiyo kazi ya kuvisuka vidhibiti haiwezi kuachwa hadi mwisho, baada ya picha na hadithi kukamilika. Inaanza kwa kumkalisha mgeni mbele ya mchezo, kumnyima maelekezo, na kumsikiliza anapokufa. Akisema «nimekosea», «nimechelewa», «nitarudi nipite juu», ugumu umekaa mahali pake. Akiigeukia pedi, akaibonyeza tena kwa nguvu kuliko mwanzo, mbunifu amepata ushahidi kwamba kuna mahali nia ya mchezaji imepotea njiani, na kazi yake ni kupatafuta, iwe ni fremu sita za ukingoni, kitufe chenye kazi mbili au stiki inayotembea yenyewe kwa uchakavu. Akishapaziba, anaweza kuongeza maadui, kupanua mashimo na kupandisha mlima kadiri apendavyo, kwa sababu mchezaji atakuwa anapambana na kile alichokuja kupambana nacho.